Spea za Gari Lisilopo

Mura, kabla hujafungua hiyo soda nikuulize. Ukikuta gunia sokoni limeandikwa kwa makapeni SPEA, wewe utadhani ndani kuna nini? Mahindi? Mimi nauza spea za baiskeli na pikipiki hapa Tarime. Nakula kwa spea. Nasomesha kwa spea. Ng'ombe wa mwisho wa mahari nilimmalizia kwa pesa ya minyororo na bushi. Nimeona SPEA, nimenunua SPEA. Sasa mtaa mzima unanicheka kwa lipi?

Ilikuwa Sirari. Sirari unaifahamu: ukipiga hatua mbili uko Isebania, Kenya, na pesa za nchi zote mbili zinapokelewa isipokuwa ile uliyonayo wewe mfukoni. Jamaa mmoja wa mitumba akaniita "bosi". Hapo ndipo ninapoharibikiwaga. Mtu akiniita bosi mkono unaingia mfukoni wenyewe, siuoni hata unavyoenda. "Bosi, hizi za Japani. Orijino. Hazijatembea hata kilomita moja." Na kwa hilo hakudanganya.

Nikaingiza mkono ndani ya gunia, nikapapasa. Tairi. Nikapapasa tena. Tairi. Bomba. Kitu cha namna ya ekzosi. Mbona tairi lenyewe linakaa juu ya ukucha? Sikuuliza. Mtu akishaitwa bosi haulizagi. Nikatoa pesa ya kodi ya fremu, nikafunga gunia kwenye keria ya bodaboda, nikarudi Tarime nikipiga mluzi.

Nikamwaga mzigo kaunta. Yakatoka maboksi yaliyopondeka, nje yamechorwa vifaru na ndege za vita. Ndani vichanja vya plastiki ya kijivu, na kwenye kila kichanja vimening'inia vipande vidogovidogo, kila kimoja na namba yake. Nusu vimeshakatwa na mwenye navyo wa kwanza. Mlango. Propela. Mzinga. Nusu ya meli. Mtu amevaa kofia, miguu hana. Na karatasi ya maelekezo kwa Kijapani tupu.

Mteja wa kwanza alikuwa kijana wa bodaboda anataka shokapu. Akaangalia kaunta. Akaniangalia mimi. Akaangalia tena kaunta. Akatoa simu, akaita wenzake wa kijiwe kizima. "Mzee, nipe shokapu ya sisimizi." Mwingine: "Mimi nataka gesi kiti ya kumbikumbi." Siku hiyo sikuuza hata valvu. Mama watoto alipokuja na chakula akauliza kwa upole, na upole wake ndio ninaouogopa, "Hizi spea ni za gari gani?" Nikamwambia ni za gari ambalo bado halijaingia Tanzania.

Aliyenifungua macho ni mtoto wa dada yangu, yuko kidato cha tatu. "Mjomba, hizi ni modeli." Akaniambia wenzetu Japani na Uingereza wanauziwa boksi, ndani kuna kifaru kilichopunguzwa mara 35, kimekatwakatwa, mnunuzi anakwenda kukiunga nyumbani kwa gundi. Nikauliza, watoto? Akasema wapo watoto, ila wengi ni watu wazima wenye ndevu, wana kazi zao. Yaani mtu mzima ananunua gari lililovunjika kwa hiari yake, kwa pesa yake, ili akeshe akiliunganisha? Akasema ndiyo. Nikamwambia hilo mimi nimelifanya na Noah ya shemeji yangu, tena ukubwa kamili, na hakuna aliyeniita mtu wa sanaa.

Akaweka bando. Bando langu. Akanionyesha sinema inaitwa Star Wars, ya Marekani, ilitoka mwaka 1977. Aliyeitunga ni George Lucas. Mwaka 1975 alifungua karakana kwenye bohari kule Van Nuys, California, akaiita Industrial Light & Magic, akajaza vijana humo. Vijana hao wakawa wananunua maboksi ya modeli kwa wingi. Vifaru vya Wajerumani, ndege, meli, magari ya mashindano. Halafu hawaungi kifaru, hawaungi ndege. Wanachomoa wanachokipenda, wanabandika kwenye chombo chao cha angani, wanapuliza rangi moja juu ya yote, basi. Ukikitazama kwenye sinema unaona mabomba, mifuniko, mitambo, unasema hawa watu wana akili. Kumbe kile ni kifaru, ile ni meli, na pale ni tumbo la gari la mashindano. Na hawakuwa wa kwanza. Stanley Kubrick alishabandika za kwake kwenye 2001: A Space Odyssey, sinema ya mwaka 1968.

Nikashika kioo cha simu, nikakuza picha ya lile dude lao kubwa, Millennium Falcon. Nikauliza kile kibomba cha pembeni kinafanya kazi gani.

"Hakifanyi kazi, mjomba. Kinaonekana tu kinafanya kazi."

Hapo nilielewa upesi mno, maana nina wateja wenye pikipiki za namna hiyo.

Lakini ngoja nikuambie kilichoniuma zaidi. Kuna gari la kijana wao mmoja, Luke Skywalker, linaelea juu ya mchanga bila tairi. Picha zake walipiga jangwani Tunisia mwaka 1976. Mimi nimekodoa, nasema kweli wenzetu wamefika mbali. Dogo akasimamisha video. "Mjomba, hilo lina matairi matatu." Chini yake kuna chesisi ya Bond Bug, kigari cha Kiingereza cha miguu mitatu alichokibuni Tom Karen wa kampuni ya Ogle, kikatengenezwa na Reliant mwanzoni mwa miaka ya 70. Hao hao Ogle ndio waliounda na hilo la sinema. Matairi wakayaficha kwa vioo vilivyoinamishwa, mtazamaji akitazama chini ya gari anaona mchanga uliomo kwenye kioo, anadhani ni hewa.

Bajaji! Mura, gari la angani ni bajaji iliyofunikwa bodi na kuzungushiwa vioo vya kujitazamia. Bajaji hizi hizi zilizojaa stendi, zinazotupigia honi masikioni. Watu wameingia ukumbini kwa tiketi dunia nzima kutazama bajaji, na mimi nilishawahi kupanda ya kwangu hapa Tarime mvua ikinyesha, turubai linavuja, nikashushwa kabla ya kufika, na nikalipa nauli kamili.

Nikakumbuka utoto. Wewe hukuunda gari la waya? Usinidanganye. Sote tuliunda. Bodi kopo la mafuta ya kupikia, ekseli waya wa uzio wa mtu, na tairi tunakata ndala. Ndala za nani? Hapo ndipo kesi ilipokuwaga. Mimi nilikata za mama, kulia na kushoto, kwa sababu lori langu lilikuwa la ekseli mbili. Nilichapwa. Halafu lori likatwaliwa, likawekwa juu ya kabati kama ushahidi, baba aje naye aone. Alipokuja akaona. Nikachapwa tena. Kumbe kule California vijana wanachanganya spea za vifaru na wanalipwa mshahara! Na hata hapa kwetu wapo wanaosifiwa. Masoud Kipanya, mchora katuni, mwaka 2022 alionyesha gari la umeme Dar es Salaam, watu wakapiga makofi, magazeti yakaandika. Mimi nikichukua propela na mlango wa kifaru nikaviweka karibukaribu tu, mama watoto anampigia simu mama yangu.

Basi nikaamua. Gunia siwezi kurudisha, jamaa wa Sirari amehama na meza yake. Naunda gari la mwaka 2100. La Tarime na Serengeti. Kila mtu aone.

Kosa la nchi hii ni kushirikisha watu. Nilishirikisha. Mama watoto akataka gari la kumfikisha kwa dada yake Mugumu bila kufika ana rangi ya barabara. Shemeji akataka livuke mto Mara mahali popote, bila daraja, na mamba wasilifikie. Mzee jirani, mashamba yake yako upande wa Serengeti, kijiji kinapakana na hifadhi, yeye hakutaka kusikia habari za mamba. Yeye ana tembo. Tembo wanakuja usiku wanakula mahindi, watu wanakesha na matochi, wanapiga madebe, wanafukiza pilipili, na siku hizi hata vile vindege visivyo na rubani vimetumika kuwafukuza. Mzee akasema gari liwe na kipuliza pilipili mbele, nyuma na juu. "Na nyuma weka nafasi ya ng'ombe." Wangapi, tata? "Wote."

Dogo yeye akasema gari la mwaka 2100 halina tairi, linaelea.

Nikamkatalia hapo hapo. Gari bila tairi, mimi muuza tairi nitakula wapi? Tairi sita. Kikao kimefungwa.

Bodi nikaanza na chupa ya shampuu ya mama watoto, kwa sababu ina umbo zuri la kwenda mbio. Shampuu nikaimimina kwenye bakuli. Sasa, kuna plastiki na plastiki, mura, na mimi ambaye nimeuza vitu vya plastiki maisha yangu yote nimeambiwa hilo na mtoto wa kidato cha tatu. Plastiki ya chupa laini ile haishiki gundi. Unabandika mlango, unapendeza, unakohoa, mlango chini. Unabandika bomba, mtu anapita na pikipiki nje, bomba chini. Piga msasa, paka gundi, bandika, chini. Chupa nikaiacha. Na kwenye bakuli mtu alishaongeza maji akidhani ni sabuni ya vyombo, kwa hiyo usiniulize nililala wapi.

Fundi redio akanipa kasha la redio ya zamani. Hilo likashika. Plastiki yake na ya modeli zinaelewana. Nikachukua kikatio cha kucha, nikawa nakata vipande kwenye vichanja, tik, tik, tik. Ndugu msomaji, kipande kikikatwa kinaruka. Hakianguki, kinaruka. Kinakwenda mahali ambapo sayansi haijafika. Nimetambaa chini ya kaunta na tochi mdomoni, mteja anaingia anauliza kuna mtu? Nasema yupo, subiri. Anasema sauti inatoka wapi?

Halafu gundi. Wenye modeli zao wana gundi maalumu inayoyeyusha plastiki kidogo ili vipande viungane viwe kitu kimoja. Hapa hakuna. Nikachukua supaglu. Supaglu ina tabia moja: kitu unachotaka ishike inafikiria kwanza, lakini kidole inakishika papo hapo. Nikajikuta kichwa cha kifaru, na mzinga wake, kimeganda kwenye dole gumba la kulia. Kimeganda kabisa, mzinga unaelekea mbele. Na ni siku ya mnada, wateja wamejaa. Nikawa nahesabu chenji na kifaru. Namnyooshea mteja noti, mzinga unamlenga kifuani. Mama mmoja akaacha chenji yake akaondoka. Mwingine akapiga saluti. Jioni nikaloweka kidole kwenye maji ya moto yenye sabuni, watoto wamenizunguka, nimekaa kimya kama bibi harusi anayepakwa hina. Kioo cha mbele nacho, kilikuwa safi, nikakibandika kwa supaglu hiyo hiyo. Asubuhi kimepiga ukungu mweupe. Moshi wake ndio unafanya hivyo. Kwa hiyo gari la mwaka 2100 dereva haoni mbele. Shemeji akasema hilo tayari lipo, linaitwa daladala.

Dereva mwenyewe ni kesi nyingine. Nilimpata kwenye boksi la kifaru, mzima, ana mikono yote. Siti nikaipata kwenye boksi la ndege, siti nzuri, ina mkanda. Dereva akakataa kuingia. Nikasukuma. Akakataa. Dogo akachukua rula. Kumbe kifaru kimepunguzwa mara 35 na ndege imepunguzwa mara 72. Dereva wangu ana sentimita 5, siti ni ya mtu wa sentimita mbili na nusu. Nikauliza wale wa Star Wars walifanyaje, nao walichanganya. Akasema wao hawakuwa wanatumia siti kama siti. Siti ukiigeuza juu chini ukaibandika ubavuni inakuwa mtambo. Hakuna anayejua ni siti.

Hilo nalipenda. Nikaigeuza. Sasa ubavuni pana mtambo wa kusafisha hewa, na dereva amekaa juu ya bonneti. Amekaa vizuri, anapata upepo.

Jina tulitaka Nyumbu, maana ndio hao wanaotupitia huku kila mwaka kwenda na kurudi. Dogo akasema Nyumbu lipo, ni jina la shirika la jeshi kule Kibaha linaloshughulika na teknolojia ya magari. Mimi na jeshi hatugombanii majina. Tukaacha bila jina.

Rangi ndiyo iliyonimaliza. Nilitaka mistari ya pundamilia, na si wazo langu la ulevi, lina historia. Bernhard Grzimek na mwanawe Michael, Wajerumani wa Frankfurt, walikuja Serengeti mwishoni mwa miaka ya 50 kuhesabu wanyama kutoka angani, na ndege yao, Dornier Do 27, waliipaka mistari ya pundamilia yote, mbawa hadi mkia. Yaani hii Serengeti yetu ilishakuwa na pundamilia anayeruka kabla Lucas hajanunua hata boksi moja. Januari 1959 ndege ikagongana na tumbusi angani, ikaanguka, Michael akafa ana miaka 24. Kaburi lake liko ukingoni mwa kreta ya Ngorongoro. Sinema yao ya Serengeti ikapata Oscar mwaka 1960. Nikasema gari langu litawaheshimu hao.

Nikachukua rangi nyeupe ya pikipiki, nikaikata na thina, nikapaka. Ikang'aa. Nikafurahi, nikaenda kunywa chai. Thina, mura, inakula plastiki ya modeli. Hakuna aliyeniambia! Kwenye kopo wameandika usivute sigara karibu, usinywe, weka mbali na watoto. Hawakuandika usipake kwenye kifaru. Niliporudi milango imelegea, mabomba yamelala, na mzinga wa pilipili, ule wa mbele, uliokuwa umesimama imara ukielekea kwa tembo, umeinama hadi chini. Mzee jirani akauzunguka, mikono nyuma. Akasema, "Huu umestaafu."

Watu walicheka hadi mmoja akashikilia mti.

Mistari myeusi nikaichora hivyo hivyo juu ya maji maji ya rangi nyeupe, ikachanganyika, ikawa kijivu. Mama watoto akauliza huyu punda kaumwa na nini. Dogo akanitetea, na kwa hilo nitamlipia ada bila kunung'unika. Akasema hata Lucas hakutaka vyombo vinavyong'aa, alitaka vionekane vimetumika, vimekwaruzwa, vina masizi na vumbi. Mafundi wake walikaa wanavichafua kwa makusudi. Wanalipwa kuchafua! Nikaliweka gari kizingitini pa duka nusu siku. Barabara ikafanya kazi yake bila malipo.

Likakauka, likachafuka, na mimi nakuambia ukweli wa Mungu, lilipendeza. Ukilitazama kwa mbali, jua la saa kumi na moja, unaona chombo. Kasha la redio halionekani tena ni la redio. Spika yake imekuwa injini. Nusu meli iko paani, imekuwa mnara wa mawasiliano. Propela ziko nyuma, za kuvukia mto Mara. Nikalipeleka kijiweni kwa fahari, nimeliweka juu ya sinia, nimelifunika kitambaa. Nikafunua.

Kimya.

Kijana mmoja anayefanya kazi Nyamongo akalitazama sana. Wewe unajua Nyamongo, mgodi wa dhahabu wa North Mara, malori ya mle ndani tairi lake linampita mtu mzima kimo, dereva anapanda ngazi kwenda kwenye usukani. Kijana huyo kila siku anapishana na magari ya sinema, anakula ugali kando yake. Akaniuliza, "Linabeba tani ngapi?" Nikasema hili ni modeli. Akasema, "Sawa mzee. Ila linabeba tani ngapi?"

Tunabishana hapo kuhusu tani, sinia liko chini, hakuna anayeliangalia, kuku wa mama watoto akapita. Kuku huyo simpendi, na yeye anajua. Akatazama gari kwa jicho moja. Akageuza kichwa akalitazama kwa jicho la pili. Akadonoa tairi la mbele kushoto, likachomoka, akameza.

Michael Grzimek aliangushwa na tumbusi. Mimi nimeangushwa na kuku wa mayai!

Nikasema achinjwe. Mama watoto akasema huyu anataga, ukimchinja ulete trei. Nikasema tairi lile ni la Japani. Akasema kuku ni wa Tarime. Wazee wa kijiwe wakakaa kikao wenyewe, bila kuitwa. Mmoja akasema firigisi ya kuku inasaga mawe, tairi limeshakuwa unga. Mwingine akasema plastiki haisagiki, litatoka, mwenye haraka amfuate. Hivyo mimi, mtu mzima, mwenye leseni ya biashara ukutani, mwenye wakwe, nikawa namfuata kuku nyuma ya nyumba na kijiti mkononi. Akisimama, nasimama. Akitoa mzigo, nachokonoa. Majirani wananipita: "Habari za asubuhi." Nzuri. "Umepoteza nini?" Tairi. Hawaongezi neno, wanaharakisha. Mpaka leo tairi halijatoka, na mayai anataga vizuri kuliko zamani, kwa hiyo hata huruma ya nyumbani nimeikosa.

Gari liko kaunta, juu ya boksi la minyororo, limeegemea upande mmoja kwa pakiti ya viberiti. Watoto wa shule wakitoka wanapita kulitazama. Wanauliza hiki ni nini, nawajibu mtambo wa kusafisha hewa. Na hiki? Kipuliza pilipili. Mbona kimeinama? Tembo wameshaondoka. Kijana mmoja wa bodaboda, yule yule wa shokapu ya sisimizi, juzi ameniuliza nalipiga bei gani. Nikamtajia. Akasema kwa matairi matano hawezi.

Kwa hiyo nakuomba, wewe msomaji unayekwenda Sirari siku za soko, au uliye Mwanza, au una ndugu Japani. Ukiona tairi la modeli ya kifaru, la plastiki nyeusi, kipenyo sentimita mbili, tundu katikati, nichukulie. Moja tu. Nitakutumia pesa kwa simu, ya kutolea utajua mwenyewe. Ila usinunue gunia.